Wimbo wa Korongo, Miguu ya Nyenga

Kuna filamu inayozunguka duniani ikimwonyesha mume wangu akicheza ngoma ya nyenga, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, huku wimbo unaosikika ni wa korongo. Anayeitazama huko mijini hufuta machozi na kusema ni filamu nzuri. Anayeitazama hapa Garrindu, kijijini kwetu kaskazini mwa Australia, anaona mwizi. Mume wangu hakuwa mwizi. Naandika haya kwa ajili ya wajukuu zangu, na wajukuu wa watu wengine pia, maana filamu haizeeki, na sisi tulioyaona kwa macho tunapungua.

Jina lake silitaji. Kwetu jina la aliyekufa hufungwa, na familia ndiyo huamua lini lifunguliwe. Picha yake tulishaifungua, jina bado. Nitamwita Baba Elroy, kama nilivyomwita tangu tulipompata mtoto wetu wa kwanza.

Alizaliwa enzi za misheni, ufukweni, chini ya mivinje, kwa sababu mama yake alikataa kuingia kwenye chumba cha wagonjwa cha wamisionari. Alisoma kidogo. Alijua Zaburi kadhaa kwa moyo na alijua kuosha vyombo vya watu wengi kwa mara moja, kwani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya watoto waliokamatwa wakizungumza lugha yao bwenini, naye alikamatwa sana. Jumamosi baba yake alimchukua hadi kwenye tope la mdomo wa mto, maji yakiwa yamekupwa, akamfundisha kuburuta miguu.

Ngoma ya nyenga huchezwa kwa kuburuta. Viganja hushikwa bapa mapajani, kisigino hufukua mchanga, mwili hushuka. Kisha mchezaji hutulia kabisa kama samaki aliyejizika, mpaka mwimbaji amwite kwa neno moja, ndipo ageuke na kupiga mkia. Hawezi kugeuka kabla ya kuitwa. Ni ngoma ya ukoo wa Bandirri, ukoo wa mume wangu. Korongo ni wa ukoo wa Ngalkurr. Ngoma ya korongo huchezwa kwa magoti juu na shingo ndefu, na wimbo wake ni mrefu, mwepesi, hauna mahali pa kutulia. Mtoto wa miaka mitano wa hapa hawezi kuzichanganya, kama vile hawezi kumwita mama wa jirani mama yake.

Utu uzimani mwake Baba Elroy aliendesha greda la halmashauri. Kila mvua zilipokwisha, yeye ndiye aliyefungua barabara ya kwenda kusini, akilala porini kwenye turubai, akirudi na kenge kwenye sanduku la zana na vumbi hadi ndani ya kope. Hakuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa ndoana. Aliwahi kumnunia mdogo wake Cyril msimu mzima wa kiangazi kwa sababu ya wavu uliorudishwa umechanika. Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kikasimama, na wauguzi walipomkanya alisema sukari ndiyo kitu pekee kizuri kilicholetwa na misheni.

Mimi nilirudi kutoka chuo cha ualimu cha Darwin nikiwa na cheti na viatu vya kufunika vidole. Watu walisema nimekuwa mrefu wa maneno. Yeye hakusema hivyo. Siku ya kwanza aliyokuja nyumbani kwa baba yangu aliniletea kikombe chake na kuniambia, "Mwalimu, hebu sahihisha chai hii." Nikamwambia imekosea yote, aandike upya. Tukaoana.

Alikuwa na ukaidi mmoja ambao nilikuja kuuheshimu kuliko fadhila zake. Hakucheza kisichokuwa chake. Tulialikwa mara moja Darwin kwenye tamasha, kwenye bustani ya hoteli, na kijana mpangaji akaona nyenga ni fupi.

"Mzee, ongeza na ile ya korongo," alimwambia. "Wageni wanaipenda, ina kuruka."

"Korongo ni wa shemeji yangu."

"Yuko hapa?"

"Yuko Garrindu."

"Basi yuko mbali."

"Mbali na wewe," alisema Baba Elroy, akaenda kukaa juu ya boksi la barafu mpaka gari letu lilipokuja. Mwaka uliofuata hatukualikwa. Hilo ni jambo dogo, ila nataka lijulikane, kwa sababu huyo ndiye mtu ambaye filamu inamwonyesha amevaa wimbo wa shemeji yake mchana kweupe.

Shemeji mwenyewe ni Lazaro Ngalkurr, manju wa nyimbo za korongo, aliyemuoa Verna, dada wa mume wangu. Wanaume hao wawili walitaniana maisha yao yote. Lazaro alimwambia Baba Elroy kwamba ukoo wake unacheza kama watu wenye miba kwenye nyayo. Baba Elroy alijibu kwamba ukoo wa Ngalkurr wanaruka kwa sababu hawajui kuogelea. Hakuna aliyewahi kugusa cha mwenzake.

Philippa alikuja msimu wa kiangazi. Wapiga filamu walishakuja hapa kabla yake. Mmoja alitutaka tuvue saa, mwingine alitutaka tuwashe moto saa sita mchana. Yeye alikuja na sura nyingine. Alikaa chini. Alikula mkate wa majivuni, alikula mayai ya kasa bila kukunja uso, alimsaidia Verna kutoa manyoya ya bata bukini. Mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole na kofia pana, ambaye filamu zake zote ni za ngoma za watu wa kale kama sisi, alivyotuita. Nilimsahihisha neno hilo. Aliniomba radhi, akaliandika.

Baba Elroy alimpenda. Hakuwa amepata binti, na baada ya wiki chache alianza kumwita "mwanangu". Kwetu neno hilo si pambo. Mgeni akikaa lazima awe mtu wa mtu, la sivyo hujui umpe nafasi gani barazani, umtanie au umwinamie kichwa. Alipoitwa mwanangu na Bandirri, Verna akawa shangazi yake, Lazaro akawa mume wa shangazi, mimi nikawa mama. Philippa aliambiwa haya. Aliitikia kwa kichwa na machozi yakamlengalenga. Nilidhani ameelewa.

Siku ya kupiga picha upepo wa kusini mashariki ulivuma tangu asubuhi. Mimi nilikuwapo, nimekaa mchangani, mapajani nimemshikia Cyril, mwimbaji wa nyenga, vijiti vyake vya kugongea mdundo kabla hajaanza kuimba. Baba Elroy alijipaka udongo mweupe kifuani na ngeu nyekundu mabegani, akacheza vizuri kuliko alivyocheza tangu goti lake liumie. Cyril aliimba. Walipomaliza, mshika sauti wa Philippa alivua vile vidude vya masikioni na kusema anasikia upepo mtupu.

"Tutarudia kesho," alisema Baba Elroy.

Kesho yake mwili ulimvimba. Ndege ya wagonjwa ikampeleka Darwin kwenye mashine ya figo, na hakurudi akiwa hai. Philippa alibaki siku kadhaa zaidi. Alikwenda kwa Lazaro, akamrekodi akiimba korongo barazani kwake, nyuma ya nyumba, mahali pasipo na upepo. Lazaro alimpa wimbo ule kwa ajili ya sehemu ya filamu inayohusu korongo, na alimwambia hivyo kwa maneno ambayo Verna aliyasikia akiwa jikoni.

Tulimzika. Tulifukiza nyumba kwa moshi wa majani, tukahama vyumba, tukafunga jina na picha. Mwaka ulipopita Philippa aliuliza kwa adabu kama picha inaweza kufunguliwa, maana filamu imekamilika. Familia ilikaa, ikakubali. Mimi nilisema sharti ionyeshwe hapa kwanza. Akatuma.

Ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Garrindu yote ilikuwapo. Ukoo wa Ngalkurr walikaa kushoto na viti vyao vya kukunja, sisi kulia. Ilianza vizuri. Bahari, mivinje, greda. Watu waliliona greda wakacheka kwa furaha. Kisha sauti ya Philippa ikasema kwamba mzee huyu alimfanya kuwa binti yake, na kwamba anaisimulia ngoma hii kama mtoto wa nyumba ile. Kisha Baba Elroy akatokea, amepakwa udongo, akashuka, akaanza kuburuta.

Na Lazaro akaanza kuimba.

Sauti yake iliujaza ukumbi, safi kama maji ya chemchemi, ikimwita korongo ainuke kutoka kwenye nyasi, na chini yake mume wangu alikuwa anajizika mchangani. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Kwa nini babu anacheza wimbo wa wale?" Mama yake akamziba mdomo. Lazaro alisimama. Alikunja kiti chake, akakitia kwapani, akatoka. Ukoo wake wote wakakunja viti, kimoja baada ya kingine, wakamfuata. Ulisikika mlio wa vyuma hivyo na wimbo wake ukiendelea nyuma yake. Mimi sikuinuka. Nilikaa mpaka majina ya mwisho yalipopita, mgongo wima, kwa sababu nilijua ninatazamwa.

Wiki hiyo hiyo palikuwa na msiba wa bibi mmoja upande wa kisimani. Koo zote zinazomhusu huitwa kucheza ili kumsindikiza, na nyenga alikuwa anamhusu. Waliitwa wengine. Sisi hatukuitwa. Elroy, mwanangu, mtu mzima mwenye watoto, alikaa na udongo mweupe ukimkaukia kwenye bakuli mpaka watu walipoanza kutawanyika. Kutoitwa kwenye msiba ni kuambiwa kwamba miguu yenu haiaminiki. Na wazee wetu wenyewe wa Bandirri wakasema nyenga asichezwe popote mpaka jambo hili lisafishwe. Yaani ngoma ambayo mume wangu aliilinda maisha yake yote ingekufa mikononi mwa wanawe, na ingekufa kwa aibu yake.

Verna alikuja asubuhi, akasimama nje ya uzio.

"Wifi, sikuja kugombana," alisema. "Nimefuata sufuria langu."

"Sufuria lako liko hapa tangu Pasaka. Leo ndiyo limekuuma?"

"Leo sina cha kupikia. Na nyumbani kwangu hapakaliki. Yule mume wangu anakula, anatema mifupa, hasemi."

"Aseme nini, wakati alishasema kwa kiti? Anajua kabisa kaka yako hakucheza korongo."

"Anajua. Ana macho. Miguu ile ni ya nyenga, hata mbwa wetu anajua."

"Basi alitoka kwa nini?"

Verna aliniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wanaojifanya wagumu. "Wewe ndiye msomi, wifi. Wimbo wake umechukuliwa, umevalishwa miguu ya mtu mwingine mbele ya watu wote. Angebaki amekaa, amekubali. Ulitaka apige makofi?"

"Basi aende akamshike Philippa."

"Philippa wa nani?" Aliegemea uzio. "Umesikia filamu ilivyosema? Yeye ni binti wa kaka yangu. Kasema kwa kinywa chake, mbele ya ukumbi. Mtoto akivunja chungu cha jirani, jirani humwendea mtoto?"

Nilimpa sufuria lake.

Siku hiyo hiyo nilimpigia simu Philippa. Alifurahi kunisikia.

"Mama. Mmeionaje? Watu walisema nini?"

"Wimbo ule kwenye miguu ya mume wangu ni wa nani?"

"Ah, ile sehemu. Unakumbuka upepo ulivyokuwa, mama. Sauti ya siku ile haikufaa."

"Cyril aliimba. Nilikuwapo."

"Inasikika kwa mbali sana, chini ya upepo. Wimbo wa mzee Lazaro ulikaa vizuri mno. Tulipouweka pale, chumba kizima kililia. Na yote ni muziki wa hapo hapo kwenu."

"Siku ya ndoa yako wangekupigia ule wa mazishi, ungesema yote ni ya hapo hapo kanisani?"

"Mama, naelewa kwamba ni jambo nyeti. Lakini watazamaji hawawezi kutofautisha."

"Watazamaji wa nani?"

Aliniambia kwamba filamu imeshapata tuzo nje ya nchi, kwamba televisheni ya taifa imeshaichukua, kwamba anaweza kuongeza maandishi mwishoni ya kueleza. Nilifundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, najua thamani ya maandishi ya mwishoni. Hakuna anayeyasoma. Wako mlangoni, wanatafuta viatu.

"Sikiliza," nilimwambia. "Uliita Garrindu yote mashahidi kwamba wewe ni binti wa nyumba hii. Binti akikosa huja. Njoo ukae chini mbele ya mume wa shangazi yako, umsikilize."

"Nitakuja," alisema. Nilimwamini. Nilimwambia Verna, Verna akamwambia Lazaro, na Lazaro, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, aliomba aongezewe chai.

Philippa alikuja na ndege ya asubuhi. Tulikutana mbele ya nyumba ya Lazaro, kivulini, ukoo wake upande mmoja na sisi upande mwingine. Philippa aliketi mchangani, miguu ameikunja vizuri kama tulivyomfundisha. Nyuma yake, hatua chache, alisimama mwanamume mwenye kamera begani.

Lazaro alimtazama huyo mwanamume kwa muda. Kisha akamuuliza Philippa, "Huyo wa nyuma anafanya nini?"

"Anarekodi, mzee. Ili watu waone tulivyopatana. Ningependa uwe mwisho mpya wa filamu."

"Hatujaanza kuongea," alisema Lazaro, "wewe mwisho unao tayari."

Vijana wa Ngalkurr walicheka, si kwa furaha. Mwanamume aliteremsha kamera kidogo, akamtazama Philippa apate amri, naye Philippa, naapa kwa macho yangu, alimwonyesha kwa kidole aendelee. Kidole kidogo tu, pembeni ya goti. Labda alidhani hatukioni.

Nimekaa na hasira maishani. Nimekaa nayo misheni, nimekaa nayo chuoni, nimekaa nayo mbele ya wakaguzi wa elimu walioniuliza kama ninajua kusoma. Sikuwahi kuiachia mbele ya watu, kwa sababu mtu wa familia yenye jina haropoki. Siku ile sikuropoka pia. Nilisimama, nikatembea hadi mbele ya kamera, nikasimama pale ili kisionekane kingine ila gauni langu.

"Philippa," nilisema. Nilikuwa sijamwita kwa jina tangu alipopewa ukoo, na kila mtu alisikia. "Mume wangu alikuita mwanangu. Alikupa neno hilo akiwa mgonjwa, bila wewe kumwomba. Kwenye filamu umelifanya cheo. Hapa umelifanya tiketi ya kuingilia na kamera. Mwenye neno hayupo, na mimi ndiye niliyebaki nyumbani kwake. Nalichukua. Kuanzia sasa wewe si binti wa mtu hapa."

Alilia. Watu wa mijini wanalia kwa urahisi. "Mama, tafadhali," alisema.

"Mimi ni Bi Bandirri."

"Niambie nifanye nini."

"Utoe wimbo wa watu kwenye miguu yake. Utoe na sauti yako inayosema wewe ni mtoto wake. Basi."

Philippa aliinuka, akajikung'uta mchanga, akasema atajitahidi kwa uwezo wake wote. Wakaondoka kuelekea uwanja wa ndege, mshika kamera akitembea mbele kwa haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Nilidhani yamekwisha. Lazaro hakuinuka.

"Shemeji," aliniambia, "umemkata, na umemkata vizuri. Sasa ni mgeni tu, na mgeni simdai. Lakini watu wameona. Jicho halioshwi kwa maneno."

"Unataka nini, shemeji?"

"Nataka nione." Aligonga mchanga kwa kiganja. "Hapa. Na huyo Cyril aimbe kwa koo lake mwenyewe, leo hakuna upepo."

Wazee wetu walitazamana. Nyenga alikuwa amezuiwa, na kumcheza uani kwa mtu wa Ngalkurr ni jambo lisilowahi kutokea. Elroy hakungoja wazee wamalize kutazamana. Alivua shati. Mmoja wa vijana wa Lazaro, bila kuambiwa, alileta udongo mweupe kutoka ndani mwao, na Elroy akajipaka udongo wao.

Cyril alikohoa, akagonga vijiti, akaimba. Sauti yake ni nzito na ina mkwaruzo, haifai kuliza vyumba vya watu. Elroy alishuka, akaburuta. Alikwenda hivyo kutoka mti hadi mti, akafukua, akatulia. Alijizika pale kimya, na Cyril akamwacha hapo muda mrefu kuliko kawaida, mpaka nikasikia watoto wameacha kupumua. Halafu akamwita. Elroy akageuka na mkia ukapiga.

Tulimtazama Lazaro. Alikuwa bado amekaa. Hakugusa kiti chake.

"Kisigino," alisema mwishowe.

Elroy, akihema, akamuuliza, "Kisigino kina nini, mjomba?"

"Baba yako hakukiinua hivyo. Wewe unacheza kama mtu anayetafuta ndala gizani. Rudia."

Watu wote wakaangua kicheko, wa kushoto na wa kulia, na Elroy akarudia, huku manju wa korongo akimpigia kelele za kisigino. Alirudia mpaka Lazaro aliporidhika, na Lazaro hakuwa na haraka ya kuridhika. Mbele ya watu wa koo zote mbili, mtu ambaye angeweza kusema mume wangu aliiba alikuwa anasimulia jinsi mume wangu alivyokanyaga tangu ujana wao, na kwamba hakuwahi kumwona akinyanyua goti hata mbu walipomzidi. Msiba uliofuata tuliitwa. Tuliitwa wa kwanza.

Hapo wapo watakaoniambia nishukuru niachie. Sishukuru. Garrindu ni watu mia kadhaa. Filamu imetazamwa na maelfu ambao hawatakuja kukaa uani kwa Lazaro. Huko nje mume wangu bado amevaa nguo ya mtu, na wanaomwona hivyo wanamsifu. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Kiangazi kilichofuata televisheni ya taifa ikatangaza siku. Philippa alituma ujumbe kwamba amerekebisha. Tulikusanyika kwangu, Verna na Lazaro na Cyril na wanangu, kwa sababu runinga yangu ndiyo kubwa. Bahari ikapita, mivinje ikapita, greda likapita. Sauti ya Philippa ya kusema ni binti haikuwapo. Nilikubali hilo kwa kichwa. Kisha Baba Elroy akatokea na udongo wake.

Wimbo wa Lazaro ulikuwa umeondolewa kweli. Wa Cyril haukuwekwa, hata ule wa mbali, hata upepo. Walikuwa wameweka piano.

Ilikuwa piano ya polepole, ya kusikitika, ya mvua dirishani. Tulikaa tukiitazama. Cyril, ambaye aliimba siku ile mpaka koo likamkauka, alitazama mikono yake.

"Haya, shemeji," alisema Lazaro. "Sasa mwenye piano naye aje akunje kiti."

Verna alicheka mpaka akashika ubavu. Elroy alicheka, na Cyril akacheka mwishowe, na wajukuu wakacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Mimi sikucheka. Mume wangu alikuwa amejizika mchangani, viganja bapa mapajani, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Upepo ulikuwa ukimvuruga nywele. Piano ilimpita juu kwa juu, haikumwita. Alingoja. Kisha akageuka, palepale Cyril alipomwita siku ile, na piano ikaendelea na mambo yake.